MGONJWA AFANYAYE KAZI SI MLEVI



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, za nyumba, na za saa za ziada. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo halisemwi sana katika mikutano ya tawi, maana wenyewe linaowahusu hulificha. Jambo lenyewe ni maisha ya mfanyakazi aliye na ugonjwa usiopona: sukari, presha, pumu, kifafa, na mengine ya namna hiyo. Mtu huyu hakulala kitandani. Anaamka alfajiri, anapanda matatu, anaingia langoni kama wengine, na mwisho wa mwezi anakatwa kodi kama wengine. Lakini yeye ana kazi mbili: kazi ya mwajiri, na kazi ya kuuchunga mwili wake usimwangushe akiwa kazini.

Msomaji asishangae kuona twasema "sisi". Siku tutakayoieleza ilimpata mmoja, yule aandikaye maneno haya. Lakini tangu siku ile wamemjia wenzake wengi, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kumwambia, "Hata mimi ninayo." Basi tumeona vema tuseme sote pamoja.

SIKU YENYEWE

Kazi yetu ni ukarani wa kuhesabu magunia katika godauni moja la chai hapa Mombasa, upande wa Shimanzi. Ugonjwa wa sukari tumekuwa nao miaka kumi na mmoja, na miaka minne ya mwisho twajidunga sindano ya insulini asubuhi na jioni. Mara moja kwa mwezi hatuna budi kwenda kliniki kupimwa damu na kuchukua dawa. Siku ile ilikuwa Jumatatu, na ruhusa tuliyopewa ilikuwa mpaka saa nne.

Mtu wa sukari aendaye kupimwa huambiwa asile kwanza, wala asijidunge, mpaka damu yake ionekane. Kwa hiyo tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukapika chai, tukaitia katika thamosi, tukafunga vipande vinne vya mkate, tukavitia vyote katika mfuko pamoja na dawa. Shabaha yetu ilikuwa hii: tupimwe, tudunge sindano, tule palepale kwenye benchi, na saa nne tuwe kazini. Saa moja kasorobo tulikuwa mlangoni mwa kliniki, na namba tuliyopewa ilikuwa 43. Tukajiona tumewahi.

Saa mbili stima ikakatika. Mashine ya kusoma kadi haikufanya kazi, na karani akasema hawezi kumpokea mtu bila mashine. Tukakaa. Saa tatu na nusu stima ikarudi, foleni ikaanza kusogea, nasi tukaanza kutumaini. Ilipofika namba 38 vijiti vya kupimia damu vikaisha. Sista akatoka nje akatuomba radhi, naye uso wake ulionyesha kwamba amekwisha kuomba radhi mara nyingi mwaka huu. Akasema, "Mwenye vijiti vyake aje mbele. Asiye navyo avuke barabara akanunue."

Tukavuka. Tukanunua kwa fedha tulizoziweka za nauli ya siku tatu. Tuliporudi na kuufungua mkebe, sista akatuambia kwamba vijiti hivi ni vya mashine ya namna nyingine. Tukavuka tena mbio, na huko mbio mfuko ukatuponyoka, ukaanguka juu ya mawe ya ukingo wa barabara. Tukauokota, hatukuutazama. Mwenye duka akasema mkebe uliofunguliwa haurudishwi. Mama mmoja wa foleni, aliyekuwa na vijiti vyake mwenyewe, akatuonea huruma akatupa kimoja. Mungu ambariki.

Namba yetu ilikuwa imekwisha kuitwa, kwa hiyo tukawekwa mwisho. Saa tano kasorobo tukapimwa. Sista akasema, "Sukari imepanda kidogo. Piga sindano yako, kisha ule mara moja. Usiondoke hapa hujala." Tukapiga sindano. Tukaufungua mfuko ili tule. Kioo cha ndani cha thamosi kilikuwa kimevunjika, na chai imelowesha mkate wote, na vipande vya kioo vimo ndani ya mkate kama chumvi.

Wakati uleule simu ikalia. Alikuwa msimamizi. Akasema, "Makontena mawili yamefika. Ruhusa yako ilikwisha saa nne. Usipokuwa hapa saa sita kasorobo, basi usije kabisa."

Langoni pa hospitali palikuwa na mama auzaye viazi karai, na mbele yake wateja watatu. Kando yake palikuwa na matatu imejaa, imebakiza kiti kimoja. Ndugu zetu, tuliyatazama yale mafuta yakichemka, tukaitazama ile matatu, tukachagua matatu. Hapo ndipo tulipokosea, nasi twakiri. Mtu aliyekwisha kujidunga insulini hana ruhusa ya kungoja. Dawa ikiingia mwilini huanza kuondoa sukari katika damu, iwe umekula au hukula. Tulilijua jambo hili kwa miaka minne. Lakini mtu aogopaye kufukuzwa hufanya hesabu mbaya.

Tulipofika Kibarani gurudumu la nyuma likapasuka. Kondakta akaturudishia nusu ya nauli, nasi tukaanza kwenda kwa miguu kuelekea Makupa, juani, mfuko wa mkate uliolowa mkononi. Hatukuutupa. Hata leo hatujui kwa nini.

LANGONI

Tulifika langoni saa sita na dakika kumi. Wakati huo mikono ilikuwa inatetemeka, shati limelowa jasho la baridi, na moyo unakwenda mbio. Miguu haikujua pa kukanyaga. Askari wa lango akatutazama akasema, "Mzee, leo umeanza mapema." Tulitaka kumwambia, "Sukari imeshuka, nipe chochote kitamu." Maneno hayo yalikuwa kichwani, lakini kinywa kilitoa maneno mengine yasiyo na kichwa wala miguu. Makuli waliokuwa kwenye kivuli wakacheka.

Msimamizi akatoka. Alimwona mtu aliyechelewa, anayeyumba, anayesema maneno yasiyoeleweka, siku ya Jumatatu. Hatumlaumu sana kwa yale aliyoyaona. Twamlaumu kwa kuwa hakuuliza. Alifungua kitabu cha siku akaandika, "Amekuja kazini amelewa," akasema, "Nenda nyumbani ungoje barua."

Kama si kuli mmoja, kijana, hatujui mambo yangekuwaje. Alitoka katika wale waliokuwa wakicheka, akaja karibu, akanusa kinywa chetu, akamgeukia msimamizi akasema, "Bwana, huyu hakulewa. Mama yangu huwa hivi hivi." Akakimbia mpaka kibandani akarudi na soda. Tukanywa nusu ya chupa, naye akaishika chupa kwa maana sisi hatukuweza. Baada ya kama robo saa dunia ikatulia, na maneno yakarudi mahali pake. Kisha akatupa mandazi mawili, tukala.

Hebu fikirini. Ndani ya godauni lile mlikuwa na maelfu ya magunia ya chai, lakini hapakuwa na kikombe kimoja cha chai yenye sukari kwa mtu anayeanguka. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwako ukutani. Tulilifungua baadaye kwa ajili ya kutazama tu. Mlikuwa na bendeji moja, mkasi, na kitabu cha mahudhurio cha mwaka uliopita.

BARUA

Siku ya Jumatano barua ikaja: tueleze kwa nini tusifukuzwe kwa kosa la kulewa kazini. Tulipoisoma tulifikiri miaka yetu kumi na sita ya kazi imekwisha kwa sababu ya mkate uliolowa. Mwakilishi wetu wa chama pale kazini akaisoma, akaikunja, akasema, "Hatuogopi barua. Twende na sheria."

Yafaa kila mwanachama aijue sheria hiyo, maana haikufichwa. Katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44 chahesabu ulevi wa saa za kazi, ule umfanyao mtu ashindwe kufanya kazi yake sawasawa, kuwa miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu bila notisi. Hilo ni kweli, wala hatulipingi. Lakini kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa kama hilo, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama amtakaye. Na kifungu cha 43 chamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu aliyoitoa.

Basi tulikwenda wawili. Mwakilishi aliweka mezani kitabu cha kliniki, chenye tarehe na saa ya kupimwa na maandishi ya sista. Akamwita yule kijana aeleze aliyoyaona. Akauliza swali moja tu: "Ni nani aliyemnusa?" Msimamizi akanyamaza. Mwishowe neno "amelewa" likafutwa kitabuni. Lakini tulikatwa mshahara wa nusu siku, na onyo la kuchelewa limebaki katika faili mpaka leo.

Hatukuridhika, lakini hatukufukuzwa. Na kama tungekwenda peke yetu, na mikono inatetemeka kwa hofu badala ya sukari, huenda leo tungekuwa tunaandika maneno haya tukiwa hatuna kazi.

YULE TULIYEMCHEKA

Sasa twataka kusema jambo ambalo ni zito kwetu. Miaka kadha iliyopita, kabla hatujaugua, katika godauni hilihili, mtu mmoja wa upakizi alisimamishwa palepale langoni. Alikuwa anatetemeka na kutoka jasho. Alisema hakunywa. Alisema mara tatu. Nasi tulikuwa kivulini siku ile, tukacheka pamoja na wengine. Hakuna aliyekwenda naye ofisini. Alipewa fedha zake, akaenda zake, wala hatukumwona tena.

Je, alikuwa mlevi au alikuwa mgonjwa? Hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo linalotuuma. Msimamizi hakuuliza, na chama hakikuuliza, na sisi wenzake hatukuuliza. Kijana yule aliyetuletea soda alitufundisha kwamba tofauti baina ya kufukuzwa na kubaki kazini ni mtu mmoja wa kusogea karibu na kusema, "Ngoja kwanza."

SHERIA YAMJUA ALIYELALA

Tukisema juu ya wagonjwa, watu wengi hujibu, "Lakini kuna likizo ya ugonjwa." Ni kweli. Kifungu cha 30 cha sheria ile chasema kwamba mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo kazini ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na baada ya hizo siku 7 kwa nusu ya mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Lakini sharti alete cheti cha daktari cha kuonyesha kwamba hawezi kazi.

Itazameni vizuri sheria hiyo. Yamjua mgonjwa aliyelala. Haimjui vema mgonjwa afanyaye kazi. Sisi siku ya kliniki hatuwi watu wasioweza kazi. Twaweza kabisa, na twaenda kliniki ili tuendelee kuweza. Daktari mwaminifu hawezi kutuandikia kwamba hatuwezi kazi, kwa maana tutadanganya sote wawili. Basi twabaki katikati: hatuna cheti kwa kuwa hatukulala, na hatuna ruhusa kwa kuwa hatuna cheti. Wenzetu wengi huamua kuacha kliniki ili kuokoa siku ya kazi. Huokoa nusu siku kila mwezi, kisha macho au figo au mguu huharibika, na hapo ndipo wanapopewa cheti kizuri cha kuonyesha kwamba hawawezi kazi. Wamekuwa wagonjwa ambao sheria inawajua, lakini wamechelewa.

Tena hatuombi sadaka. Tangu Oktoba 2024, ilipoanza bima mpya ya afya ya jamii badala ya ile ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1966, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Fedha za matibabu twazitoa kila mwezi. Itakuwa ajabu mtu alipie matibabu mwaka mzima, kisha anyimwe saa tatu za kwenda kuyapata.

Wala ugonjwa huu si hukumu ya kifo kama ulivyokuwa zamani. Kabla ya insulini kujulikana, kijana aliyepatwa na sukari ya namna kali hakuishi muda mrefu. Ilikuwa mwaka 1921 ndipo Banting na Best walipoipata dawa hiyo katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza, mvulana wa miaka 14, akadungwa. Tangu hapo mtu wa sukari aweza kufanya kazi miaka thelathini, akalea watoto, akastaafu. Aliyekuwa wa kuzikwa amekuwa wa kuajiriwa. Lakini dawa hiyo yataka saa yake, chakula chake, na baridi yake. Hivyo vitatu vyote hukutana na saa za kazi, na chakula cha kazi, na joto la kazi. Ndiyo maana jambo hili ni jambo la chama, si la hospitali peke yake.

WASEMAYO WENGINE

Mwajiri husema, "Godauni si hospitali. Nikimpa huyu nusu siku, kesho wote watakuwa na sukari." Tumjibu kwa hesabu. Nusu siku kila mwezi ni siku 6 kwa mwaka. Karani mwenye miaka kumi na sita ya kazi akiondoka, mgeni atahitaji miezi kuzijua alama za magunia na makosa ya vitabu, na kila kontena litakalohesabiwa vibaya litakula zaidi ya siku 6 hizo. Tena ushahidi uko: kitabu cha kliniki kina muhuri na tarehe. Mtu hawezi kujitungia sukari.

Baadhi ya wanachama nao husema, "Kwa nini sisi wazima tufanye kazi ya wagonjwa?" Hilo ni swali la haki, wala tusilipuuze. Twajibu kwamba aliyekwenda kliniki asubuhi aweza kupangwa zamu ya jioni au kulipa saa zile siku nyingine, kama wenzake na ofisi watakavyopatana. Zaidi ya hayo, mzima wa leo hana mkataba na afya. Sisi nasi tulikuwa wazima siku ile tulipocheka.

Kisha wako wanachama wachache wanunuao vyeti vya uongo ili wapumzike Jumatatu baada ya kulewa Jumapili. Twawaambia waziwazi: ninyi ndio mliomfundisha msimamizi kutomwamini mtu. Kila cheti cha uongo humwangukia mgonjwa wa kweli. Chama hakiwezi kumtetea mmoja kwa haki na mwingine kwa hila, kisha kikaaminika.

TUNAYOYATAKA

Mkataba wetu wa pamoja utafunguliwa tena kwa mazungumzo. Twaomba wajumbe wa tawi wayaweke mambo haya mezani pamoja na mshahara, wala wasiyaache yawe ya mwisho ambayo huachwa saa ya jioni watu wakiwa wamechoka.

1. Mwanachama mwenye ugonjwa wa kudumu, aliye na kitabu cha kliniki, apewe nusu siku ya kliniki kila mwezi bila kukatwa mshahara, na isihesabiwe katika siku za ugonjwa. Foleni ikichelewa, kitabu chenye muhuri wa saa kiwe ushahidi wa kutosha.

2. Mwenye kutumia dawa inayohitaji chakula apewe dakika za kula saa yake ifikapo, hata kama kontena limefika. Kontena laweza kungoja dakika kumi. Insulini haiwezi.

3. Pawe na mahali pa baridi pa kuweka dawa. Insulini isiyofunguliwa hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, wala haitakiwi kugandishwa. Ofisi ina friji ya maji ya wageni. Pembe moja ya friji hiyo yatosha.

4. Sanduku la huduma ya kwanza lijazwe inavyopasa, na ndani yake muwe na sukari au glukosi. Gharama yake ni ndogo kuliko karatasi ya barua tuliyoandikiwa.

5. Asiandikwe mtu kitabuni kuwa amelewa kabla hajaonwa na mtu wa huduma ya kwanza, na mwakilishi wa chama akiwapo.

Haya si makubwa. Wazee wetu wa Mombasa waliogoma Januari 1947, na wale wa bandarini waliogoma Machi 1955, waliambiwa kwamba wanayoyataka hayawezekani. Leo mengi yao twayaona ni mambo ya kawaida, tena vijana hudhani yalikuwako tangu zamani. Hakuna haki iliyokuja yenyewe kwa miguu yake.

TULIYO NAYO SISI WENYEWE

Lakini tusimwachie mwajiri kila kitu. Yako yatupasayo sisi.

Kwanza, tusiufiche ugonjwa. Kwa miaka minne tulijidunga chooni, tumefunga mlango, kama mtu aibaye. Hakuna kazini aliyejua. Basi siku tulipoanguka, ni nani angetuokoa kwa jambo asilolijua? Si lazima kuwatangazia wote. Lakini mwambie mwakilishi wako, na mwambie mtu mmoja afanyaye kazi karibu nawe.

Pili, kila mwenye sukari awe na kitu kitamu mfukoni, si mfukoni mwa koti lililotundikwa. Sisi tuliitegemea thamosi moja, na kioo chake kikatuangusha.

Tatu, wenzetu wazima mjifunze dalili hizi: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafula, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, maneno kuwa mazito, na hasira isiyo na sababu. Ukimwona mwenzako hivyo, naye aweza kumeza, mpe nusu chupa ya soda yenye sukari, au vijiko vitatu vinne vidogo vya sukari katika maji. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Ngoja robo saa, na asipopata nafuu mpe tena. Akipata nafuu mpe chakula. Lakini akiwa amezimia usimtie kitu kinywani, maana kitampalia. Mlaze ubavu, mwite gari, mpelekeni hospitali upesi. Na kama mtu yule alikuwa mlevi kweli, hamkupoteza chochote ila nusu chupa ya soda.

Nne, mwenzenu akiitwa ofisini, asiende peke yake.

Ile thamosi tumenunua nyingine, na safari hii ni ya chuma. Yule kijana kuli amechaguliwa kuwa mtu wa huduma ya kwanza wa zamu yetu, na sanduku lina sukari, tuliyoichangia wenyewe tukingojea mazungumzo. Onyo la kuchelewa lingali katika faili yetu. Tumeliomba tawi lidai liondolewe, na tutauliza habari zake katika kila mkutano mpaka lijibiwe. Na kama kuna msomaji ajuaye alikokwenda yule mtu wa upakizi tuliyemcheka, amwambie kwamba sasa twataka kumwuliza lile swali ambalo hatukumwuliza siku ile, na kwamba mlango wa ofisi ya tawi uko wazi kwake.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa kazi.